WATU WA KUKUMBUKWA: Joginder Singh, Fundi Aliyeitwa Simba

Isiolo ni mji uliolelewa na barabara. Katika siku za ukoloni ulikuwa makao makuu ya nchi ya mpaka wa kaskazini, na hapo palikuwapo kizuizi ambacho msafiri hakuweza kukipita bila ya cheti, kwa kuwa sheria ya mwaka 1926 ilizifunga wilaya za kaskazini kwa watu wasio wenyeji wake. Mbele ya kizuizi hicho lami haikuonekana kwa miaka mingi sana. Palikuwapo mchanga, mawe meusi ya volkano, makorongo yasiyo na madaraja, na zaidi ya maili 300 za kwenda hadi Moyale. Gunia la unga, sanduku la sabuni na debe la mafuta ya taa vilivyotumwa Marsabit kwa njia hiyo vilifika juu ya lori. Na lori lilifika kwa akili na mikono ya dereva na taniboi wake.

Kwa sababu hiyo watu wa Isiolo wana haki kuliko wengi ya kupima sifa ya dereva. Mtu wa mjini huona gari likipita kwa kasi, naye hupiga makofi. Mtu wa Isiolo huuliza jambo jingine: je, gari hilo lilifika? Na lilipofika, lilikuwa zima? Leo anakumbukwa mtu ambaye aliyajibu maswali hayo mawili kwa muda wa miaka 22, mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Huyo ni marehemu Bwana Joginder Singh, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, na ambaye watu walimwita Simba wa Kenya.

MTOTO WA GEREJI

Bwana Joginder alizaliwa Kericho, katika nchi ya majani ya chai, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake alikuwa Singasinga aliyetoka Punjab, fundi wa magari mwenye gereji yake. Mtoto huyo alikuwa kifungua mimba katika nyumba yenye watoto wengi, na kama ilivyo desturi ya watu wengi, mkubwa ndiye atumwaye kwanza. Akatumwa kuleta spana, akatumwa kuosha vyuma kwa mafuta, akatumwa kushika taa wakati wakubwa wamelala chini ya gari. Hapo ndipo alipojifunza. Alisoma shule Nairobi, lakini ujuzi uliompatia jina aliupata mavumbini, kwa kufungua vitu vilivyoharibika na kuvifunga tena vikafanya kazi.

Mwaka 1958 alipata kazi kwa chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wenye magari waliokwama. Ni vyema msomaji alitafakari jambo hili. Kabla ya kuwa mshindani, Bwana Joginder alikuwa mtumishi wa barabara. Aliona kwa macho yake mambo yanayoliua gari: maji yaliyokwisha katika rejeta kwa sababu mwenyewe hakutazama asubuhi, springi iliyokatika kwa sababu dereva aliliingia shimo kwa kasi aliyoweza kuipunguza, tairi lililopasuka kwa sababu lilijazwa upepo kupita kiasi wakati wa jua kali. Mtu aliyeyaona makosa ya wengine mia hana haja ya kuyafanya yeye mwenyewe ili ajifunze.

MASHINDANO YENYEWE

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, tarehe 27 Mei, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawekwa wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua za masika, na wala hili halikuwa jambo la bahati mbaya. Waliotunga mashindano walitaka matope. Walitaka mito iliyojaa na milima yenye utelezi, ili gari lijaribiwe kama linavyojaribiwa gari la mkulima apelekaye mazao sokoni katika mwezi wa Aprili.

Wengi hudhani kwamba mashindano haya yalikuwa kama mbio za farasi, magari yakipangwa mstari na kuachiwa pamoja. Sivyo. Magari yaliondoka moja baada ya jingine. Njiani palikuwapo vituo vya ukaguzi, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufikiwa. Aliyechelewa aliandikiwa alama za hasara, dakika kwa dakika. Mwisho wa njia, aliyekuwa na alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo ushindi ulikuwa wa yule aliyepoteza kidogo. Dereva angeweza kukimbia kama mshale mchana kutwa, kisha usiku mmoja akavunja ekseli porini, na sifa yake yote ikaishia hapo.

Hesabu za miaka ile zaeleza ugumu wake. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 vile vile. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta magari mapya na madereva waliosifika katika theluji ya kwao. Wakaondoka Kenya wakiwa na magari yaliyovutwa kwa kamba. Kwa miaka mingi ilikuwa msemo wa kawaida kwamba mgeni hawezi kuishinda Safari, na ni kweli kwamba hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeishinda hadi Hannu Mikkola wa Finland alipofaulu mwaka 1972. Mgeni alikuwa na gari na ujasiri, lakini hakuyajua matope ya nchi hii.

GARI LILILOKWISHA KUTUMIKA

Bwana Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Miaka sita baadaye, mwaka 1965, akashinda. Gari lake lilikuwa Volvo namba PV544, gari lenye mgongo wa mviringo kama kobe, na halikuwa jipya. Lilikuwa gari ambalo watu wa kiwanda walilileta kwa mashindano ya mwaka uliotangulia, likapata mateso ya njia, kisha likabaki hapa. Wengine waliliona kuwa gari lililochoka. Bwana Joginder na ndugu yake Jaswant, aliyekuwa mwenzi wake garini, waliona chuma kizuri kilichohitaji mkono wa fundi. Wakalifungua, wakalichunguza, wakalirudishia nguvu. Kisha wakaondoka nalo, wakawaacha nyuma wenye magari mapya kwa nafasi kubwa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Kenya ipate uhuru wake, na watu wa kila rangi walikuwa wakitazamana na kuulizana ni nani atakayekuwa nani katika nchi mpya. Hadi wakati huo mashindano hayo yalionekana kuwa mchezo wa Wazungu, wenye nafasi na fedha za kuucheza. Sasa kikombe kikachukuliwa na mtoto wa gereji ya Kericho aliyevaa kilemba, katika gari ambalo wenyewe hawakulitaka tena. Waswahili husema: usione vyaelea, vimeundwa. Watu waliouona ushindi wa siku zile za Pasaka hawakuyaona majuma ya kazi yaliyoutangulia.

MADEREVA WA ISIOLO

Hapa ndipo msomaji wa Isiolo anapoweza kumfahamu Bwana Joginder kuliko msomaji wa mji mwingine wowote. Mambo aliyoyafanya siku tano kwa mwaka yalifanywa na madereva wa malori wa kaskazini juma baada ya juma.

Fikiria lori lililoondoka Isiolo likiwa na magunia, na juu ya magunia watu, na mbuzi pengine. Likavuka Uaso Nyiro penye Archer's Post, likashika njia ya Laisamis na Marsabit. Barabara ilikuwa na vijituta vidogo vilivyopangana kama bati la nyumba. Dereva mjinga alikwenda juu yake kwa papara, nazo nati zikalegea moja moja hadi kitu kikaanguka. Dereva mwenye akili alitafuta mwendo ule mmoja ambao gari halitikisiki sana, naye akaushika kwa saa nyingi, akisikiliza. Alilisikiliza lori kama mfugaji amsikilizavyo ng'ombe mgonjwa. Sauti mpya ikisikika alisimama, hata kama abiria walinung'unika.

Alipofika korongo lenye maji alisimama pia. Taniboi alishuka na fimbo, akaingia majini kwa miguu yake, akapima kina na kukanyaga chini apate kujua kama ni mawe au ni tope. Ikiwa maji yalikuwa yakipanda, walingoja. Walingoja saa tatu, walingoja usiku mzima, na wakati wa mvua kubwa walingoja siku kadhaa, wakipika chai chini ya lori. Wapo waliokataa kungoja, na malori yao yalibingirishwa na maji kama debe tupu.

Na penye mchanga walikata matawi wakayatandika chini ya magurudumu. Tairi lilipotoboka walilitoa, wakaliziba kiraka, wakalijaza upepo kwa pampu ya mkono katika jua lisilo na kivuli. Springi ilipokatika waliifunga kwa kamba na vipande vya mti hadi mji wa mbele. Njiani hapakuwa na duka la vyuma wala simu. Safari ya Moyale ilichukua siku mbili au tatu njia ikiwa kavu; mvua ikinyesha hakuna aliyethubutu kutaja siku ya kufika.

Ufundi huu una historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waitaliani walipoiteka Moyale mwezi wa Julai 1940, njia ya Isiolo na Marsabit ikawa njia ya jeshi, na malori mengi ya askari yakapita. Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walijifunza udereva na ufundi katika jeshi, na vita vilipokwisha walirudi nyumbani na ujuzi huo mikononi. Kisha likaja jaribu jingine. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1963 hadi 1967 nchi ya kaskazini iliingia katika vita vya shifta, na katika miaka ya mwisho ya vita hivyo mabomu yakazikwa barabarani. Hata baada ya amani, wanyang'anyi wenye bunduki waliendelea kuyavizia malori, na kwa miaka mingi magari yalisafiri kwa msafara yakilindwa na askari. Dereva wa Safari aliogopa kupoteza dakika. Dereva wa Isiolo aliogopa kuwaacha wanawe yatima, na asubuhi akawasha injini vile vile.

MARA YA PILI NA YA TATU

Baada ya ushindi wa 1965 ilimpasa Bwana Joginder kungoja miaka tisa. Wengi katika hali hiyo wangekata tamaa, au wangesema bahati imewakimbia. Yeye aliendelea kuingia kila mwaka na kuendelea kufika. Mwaka 1974, katika mvua kubwa, aliendesha gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Colt Lancer, na mwenzi wake garini alikuwa David Doig. Mbele yao alikuwapo Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche, gari lenye nguvu nyingi kuliko lao. Lakini Porsche ilipata hitilafu kabla ya mwisho, na yule mdogo aliyekuwa akija nyuma yake kwa utaratibu akampita. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa kiwanda cha Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Mwaka 1976 akashinda tena, pamoja na Doig yule yule na katika gari la namna ile ile, na magari ya Mitsubishi yakachukua nafasi zote tatu za kwanza. Hapo akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alikuja baadaye kumpita kwa hesabu, maana alishinda mara tano. Lakini kuna hesabu nyingine ya Bwana Joginder ambayo mafundi huithamini kuliko vikombe: kati ya mwaka 1959 na 1980 aliingia Safari mara 22, naye alifika mwisho mara 19. Msomaji akumbuke ile miaka ambayo magari 7 tu yalifika, kisha aitazame tena hesabu hiyo. Mtu anaweza kushinda mara moja kwa bahati. Hakuna bahati ya mara 19.

MAJINA YALIYOANDIKWA NA YASIYOANDIKWA

Bwana Joginder Singh alifariki dunia London mwezi wa Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari zake, na ilikuwa haki. Lakini madereva wa malori wa Isiolo waliofariki mwaka ule, na miaka iliyotangulia, hawakuandikwa popote. Hakuna aliyesimama na saa penye korongo la Merille kuandika ni dereva gani alivuka salama mara mia tano. Nao mafundi Waafrika waliolala chini ya magari usiku wa mashindano, wakibadili gia kwa mwanga wa taa, majina yao hayakuchorwa kikombeni.

Kwa nini? Sababu moja ni ukoloni, ambao ulimpa kila mtu daraja lake kwa rangi yake, na Mwafrika akawekwa daraja la kubeba na kushika taa. Mlango huo ulifunguka polepole. Mwaka 1994, Safari iliposhindwa na Ian Duncan wa Kenya, Patrick Njiru alimaliza wa nne ndani ya Subaru, na watu wengi walifurahi kumwona Mwafrika mwenzao mbele kiasi hicho. Lakini sababu nyingine imo ndani ya nyumba zetu wenyewe, na hiyo haiwezi kulaumiwa ukoloni peke yake. Mzazi aliyesoma hufurahi mwanawe akipata meza na kalamu, na huona haya akirudi jioni na mafuta mikononi. Karani humwamkia karani mwenzake kwa heshima, kisha humwita fundi kwa kupiga mluzi. Wakati huo huo gari la karani likikwama, heshima yake yote hungoja kando ya njia hadi yule wa mluzi afike.

Maisha ya Bwana Joginder yalionyesha kwamba mikono yenye mafuta inaweza kupokea kikombe mbele ya ulimwengu. Yalionyesha pia jambo ambalo mkulima analijua tayari: jembe linalotunzwa hulima miaka mingi, na lililotupwa mvuani huliwa na kutu kabla ya mavuno. Aliyashinda magari mapya kwa gari lililotumika kwa sababu alijua kila kipande chake. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi dukani. Hufundishwa na mtu mzima anayejua kwa kijana anayekubali kutumwa.

BARABARA MPYA

Katika miaka ya 2010 lami ilikamilika kutoka Isiolo hadi Moyale. Safari ya siku tatu ikawa safari ya siku moja, na mgonjwa wa Marsabit akaweza kufika hospitali kabla ya hali yake kuwa mbaya. Hilo ni jambo la kushukuru, na hakuna mwenye akili atakayelia kwa kukosa mawe. Hata hivyo lami imeleta jaribu lake. Njia mbaya ilimlazimisha dereva kuwa mvumilivu. Njia nzuri haimlazimishi. Mahali ambapo babu yake alisimama na kupima maji kwa fimbo, kijana wa leo anaweza kupita kwa kasi yoyote aitakayo, na ngamia akitokea usiku hakuna tena nafasi ya kufikiri.

Basi, vijana wanaoshika usukani Isiolo wafanye mambo mawili. Kwanza, wakae na wazee waliokwenda Moyale kabla ya lami, wawaulize majina ya wenzao na habari za njia, na wenye kalamu waziandike, kwa kuwa wazee hao wanapungua mwaka hata mwaka. Pili, kabla ya kuondoka alfajiri, wafungue boneti watazame maji na mafuta, wazunguke gari, waguse nati kwa mkono. Ndivyo walivyofanya wazee wa malori, na ndivyo alivyofanya Simba wa Kenya mara 22. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haanguki.